Upepo wa Wageni

Nyumba yetu ya Homa Bay ilikuwa na feni moja, na waliohitaji upepo wake walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mama yangu, ambaye kiharusi kilimwangusha jikoni na kumwacha amelala chali chini ya mabati yasiyo na dari, upande wake wa kulia ukiwa umekufa ganzi. Wa pili ilikuwa kompyuta ya baba. Majirani walipenda kumtania baba kwamba ameoa mke wa pili na kumweka sebuleni, na wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa chumbani nikimpepea mama kwa kipande cha katoni huku nikisikia feni ikivuma upande wa pili wa ukuta.

Baba alikuwa fundi wa simu. Miaka ile ya tisini watu wengi wa kazi kama yake walistaafishwa kabla ya wakati, naye akarudi nyumbani na sanduku lake la bisibisi na hasira isiyokuwa na wa kuelekezewa. Alinunua kompyuta kuukuu kutoka ofisi moja ya Nairobi iliyokuwa ikibadilisha vifaa, ikafika imefungwa kwa blanketi kama mtoto mchanga. Alisema angefungua biashara ya kupiga chapa. Akapiga chapa ratiba za mazishi mbili tatu, kisha akachoka, maana kuandika hakukumfurahisha. Kilichomfurahisha ni kuifungua, kuangalia ndani, na kuifunga tena.

Mama alikuwa Mkuria wa Ntimaru na baba Mjaluo wa huku ziwani. Walikutana Migori mjini, kila mmoja na lugha yake, wakaoana kwa Kiswahili na kutulea kwa Kiswahili. Dholuo ya mama, yaani Kijaluo, ilikuwa ya wageni tu. Alijua kuwakaribisha watu wa upande wa baba, kuwashukuru na kuwaaga, na hapo ndipo ilipoishia. Alikuwa pia mtu wa vitambaa. Kila kitu sebuleni kwetu kilivaa kitambaa cha kufumwa kwa mkono wake: viti, redio, meza, hata chupa ya chai. Kompyuta ilipofika akaifumia chake, cheupe chenye mashada ya njano, kirefu cha kufunika skrini na sanduku lote, na kila palipokuja wageni alikitandaza hata kama mashine ilikuwa inafanya kazi.

Siku moja mashine iliganda wageni wakiwa wameketi. Baba akainua kitambaa, akaweka kiganja juu ya sanduku, akakitoa haraka. Alikikunja kile kitambaa na kumrushia mama mapajani mbele ya watu, akamwambia kwamba ushamba wake utamchomea mashine. Mama alikipanga vizuri, akakiweka kando, akawamiminia wageni chai. Kwa mama kunyamaza hakukuwa kusamehe, na baba, baada ya miaka yote ile ya ndoa, alikuwa hajalijua hilo.

Aliyemtia baba wazimu wa kasi ni mfanyabiashara mmoja wa Migori. Wazazi wa mfanyabiashara huyo walitoka pwani, naye alikuwa na duka katikati ya mji, akiuza redio, pasi na feni, na kwenye kona moja vipuri vya kompyuta. Alizungumza Kiswahili kilichonyooka hadi baba akawa anajikaza mbele yake kama yuko kwenye mahojiano ya kazi. Kompyuta ya duka ilikuwa ya kasi ya megahezi mia moja sitini na sita. Yetu ilikuwa ya mia moja thelathini na tatu. Tarakimu hizo zilimuuma baba kuliko nilivyowahi kuona kitu kikimuuma. Ndipo yule mfanyabiashara akamwambia kwamba mara nyingi prosesa hizi mbili, ubongo wa kompyuta, ni kitu kile kile, na kwamba kwenye bodi kubwa kuna vijipini vilivyovikwa kofia ndogo za plastiki. Ukihamisha kofia moja, mashine inaamini ni ya mia moja sitini na sita na inakimbia hivyo.

"Kasi utaipata, mzee wangu," akamwambia. "Lakini joto lake utalipeleka wapi?"

Baba alitusimulia maneno hayo akicheka. Aliona ni maneno ya mwenye duka anayetaka kumuuzia feni.

Alihamisha kofia mchana wa Jumapili, kwa kibanio cha kung'olea nyusi alichokichukua kwa mama. Skrini ilipowaka ikaandika mia moja sitini na sita. Baba alituita, akatuonyesha, akaizima na kuiwasha tena ili tuone kwamba si bahati. Kabla chai haijapoa mashine ikaganda, skrini yote ikawa buluu na maandishi meupe. Tangu siku hiyo maisha yetu yakawa vita na joto. Alipanda magari ya Migori kununua kipande kikubwa zaidi cha alumini chenye mapezi ya kutolea joto, akakibandika juu ya prosesa kwa mafuta meupe mazito. Akaongeza kifeni kidogo juu ya kile kilichokuwepo. Akatoa kifuniko cha sanduku na kuliacha wazi. Akahamisha meza dirishani, akamwagia sakafu maji. Asubuhi mashine ilienda vizuri. Jua likipanda, mabati yakianza kulia, iliganda. Sebule yetu saa nane mchana ilikuwa na joto la kukausha omena, dagaa wa ziwani, na hapakuwa na mafuta meupe ya kubadilisha hilo.

Mama alipoanguka mimi nilikuwa Migori, nikisomea upigaji chapa. Niliitwa nyumbani kwa sababu ndugu zangu wakubwa walikuwa mbali na wana familia zao, na mimi nilikuwa wa mwisho na sikuwa na mtu. Nikajifunza kumgeuza, kumwosha, kumlisha uji kwa upande wa mdomo uliokuwa bado hai. Maneno yake yalitoka machache na kwa shida, lakini akili ilikuwa ni ile ile. Kilichomtesa zaidi ni joto. Mgongo uliloa, shuka ikaloa, na ngozi ikaanza kuchubuka pale anapolalia. Dadake mkubwa alikuja kutoka Ntimaru kumwona, akakaa naye siku nzima akimpangusa jasho kwa leso yake. Alipoondoka alipitia lile duka la Migori, akanunua feni ya mezani, akamtuma nayo kondakta anayefahamika. Alisema feni hiyo ni ya dadake, si ya nyumba. Mama mkubwa alimjua shemeji yake.

Siku za kwanza mama alilala na upepo. Usingizi wake ulikuwa mzito hata nikawa naweka sikio karibu na pua yake kuhakikisha anapumua. Kisha baba akaja kuiazima. Akasema ni ya kujaribu tu, aone kama hewa ikiingia kwa pembeni itasaidia. Ilisaidia. Mashine ilikaa mchana mzima bila kuganda, na baba akatembea mtaani akisimulia. Feni haikurudi jioni ile, wala kesho yake. Nilipoiulizia aliniambia mama asubiri kidogo, kwamba bado yuko kwenye majaribio. Alisema hivyo kwa sauti ya upole kabisa, kama daktari.

Baba hakuishia kwenye feni. Muuguzi wa hospitali alikuwa ametuachia kipimajoto cha kumpima mama homa, kile cha kioo chenye zebaki. Baba alikitamani, kwa sababu alikuwa amechoka kupima joto la alumini kwa kidole. Siku moja akakichomeka kati ya mapezi. Kipimajoto cha binadamu kina mwisho wake, na prosesa haikuwa na habari na mwisho huo. Kikapasuka. Zebaki ikakimbia mezani na kushuka sakafuni kwa vitone vinavyong'aa, naye akapiga magoti kuikusanya kwa kadi, akihofia isiingie kwenye bodi. Baada ya hapo mimi nilimpima mama homa kwa mgongo wa kiganja. Baba alinunua kipimajoto kingine Migori, cha kupima vitu vya moto sana, na hicho hakikufaa kwa mtu.

Kwetu mgonjwa hutembelewa. Watu wa kanisa huja, majirani huja, watu wa ukoo hutoka Rangwe na Asumbi na ndizi mkononi, na mwenye nyumba hupimwa kwa jinsi anavyomtunza mtu wake. Baba alilijua hilo sana. Sauti za wageni zikisikika barabarani, aliizima mashine, akanyanyua feni, akaileta mbio chumbani na kuielekeza kitandani. Wageni wakiingia walimkuta mke wa mtu akipepewa, na mume amesimama pembeni ameshika mikono. Walimsifu. Nilisikia mwanamke mmoja akimwambia mumewe kwamba aone jinsi wenzake wanavyotunza. Wakishaondoka na kupita ua, baba aliichomoa feni na kuirudisha kwa mkewe wa pili.

Mama akajifunza. Asubuhi nikimwosha alikuwa akiniuliza, neno moja moja, "Nani anakuja leo?" Mwanzoni nilifikiri anatamani watu. Hakuwa anatamani watu. Akisikia hodi ya mgeni uso wake ulilainika, na jicho lake zima lilitazama mlangoni, likingoja feni ipite. Nilikuwa nikimfunga kitambaa kichwani na kumfunika miguu, kwa sababu hakukubali kuonekana ovyo, na alikuwa akiwashukuru wageni kwa ile Dholuo yake ndogo ambayo kiharusi kiliiacha salama. "Ero kamano," asante. Kisha anawaambia wamefanya vizuri kutoka mbali, wawasalimie watu wa kwao. Maneno ya wageni yalimtoka vizuri kuliko jina langu. Aliwachelewesha kadiri alivyoweza, na mimi niliongeza maji kwenye chai ili wakae.

Nikaanza kuzua wageni. Nilimwambia baba kwamba kina mama wa kanisa wamesema watapita, na feni ikaja, na mama akapata nusu ya mchana. Nilifanya hivyo tena na tena mpaka baba alipong'amua. Hakunipiga wala hakufoka. Alisimama mlangoni na feni mkononi, waya ukiburuta chini, akaniangalia kwa huruma, kana kwamba ni mimi nisiyeelewa mambo.

"Nyathina," aliniita, mwanangu, "mtu anazoea joto. Mashine haizoei."

Mama alikuwa macho. Alisikia. Nilimchukia baba siku ile kwa chuki iliyonyooka, isiyo na lakini, na nikashangaa jinsi ilivyonipa nguvu za kumgeuza mama bila kuchoka. Stima ilipopotea mtaani, ambayo ilikuwa mara kwa mara, nilifurahi. Mashine ililala kimya, baba akakaa barazani akijipepea kwa kofia, na sote tukawa na joto sawa.

Kisha ikaja siku ya jaribio lenyewe. Mfanyabiashara wa Migori alikuwa amempa baba diski ya programu ya kukokotoa hesabu ndefu mfululizo. Prosesa ikikosea jibu moja tu kwa sababu ya joto, programu inasimama na kusema imekosea. Ikivumilia kutoka asubuhi mpaka jioni, basi mashine imekubali kasi yake na hakuna mtu wa kubisha. Baba aliiwasha baada ya uji, akaielekezea feni karibu kabisa, akafunga mlango wa sebule na kukaa ndani na saa yake. Aliniambia nisifungue mlango huo wala nisiwashe pasi, maana joto likiingia au umeme ukitikisika kila kitu kingeharibika. Mama alikuwa na homa tangu alfajiri. Nilimwachia maji na kitambaa kibichi kifuani, nikaenda hospitalini kufuata dawa ya vidonda, na huko foleni ilikuwa ndefu.

Niliporudi nilikuta kifurushi mlangoni. Kilikuwa unga wa wimbi, umefungwa kwa leso niliyoifahamu. Nikaingia chumbani kwa mama. Alikuwa amejisogeza hadi ukingo wa kitanda, sijui kwa nguvu gani, mkono wake mzima umeshika fremu ya mlango, na shuka yote iko chini. Mdomo ulikuwa unatafuta neno na haulipati. Mwishowe akasema, "Dada." Akasema tena, "Dada, hapo," akionyesha dirisha kwa macho.

Nikakimbia mpaka steji. Gari la Migori lilikuwa limeshaondoka. Mwanamke aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma aliniambia kwamba ndiyo, mama mmoja mzee amepanda, akisema anataka kufika Ntimaru kabla giza halijaingia. Nilirudi nyumbani polepole.

Baba nilimkuta pale pale alipokuwa. Nilifungua mlango aliokataza na kumuuliza habari za mama mkubwa. Hakukana. Alisema shemeji alifika bila kutangaza, na hesabu zilikuwa zimefika mbali, na kama angeingia angetaka kuona feni iko wapi. Kwa hiyo alitoka nje, akafunga mlango nyuma yake, akamwambia shemeji kwamba muuguzi amekataza wageni leo.

"Nilimwambia amelala," akasema. "Atakuja siku nyingine."

Chumba cha mama kilikuwa na dirisha upande huo huo wa mlango. Alikuwa amesikia kila neno: dadake akiuliza, mumewe akijibu, dadake akisema basi amwachie aendelee kupumzika. Alikuwa amejaribu kuita, na sauti yake haikufika hata dirishani. Nikamwambia baba hayo yote. Macho yake yaliniacha, yakarudi kwenye skrini, na akaniomba nifunge mlango kwa sababu ninaingiza joto.

Jioni, jua likiwa bado juu ya ziwa, nikasikia anacheka peke yake. Mashine ilikuwa imepita. Akaja chumbani amebeba feni kwa mikono miwili, akaiweka juu ya stuli karibu kabisa na kichwa cha mama, akaiwasha kwa kasi yake ya juu, akavuta kile kiti tulichokuwa tukiwakalishia wageni na kukaa. Alikuwa na furaha kwelikweli. Alimwambia mama kwamba mia moja sitini na sita imekubali, kutwa nzima bila kosa moja, na kwamba sasa amemaliza, feni ni yake. Nadhani alitarajia shukrani. Namjua, alitarajia.

Mama hakumtazama. Alinitazama mimi, na kwa mkono wake mzima akagusa kichwa chake kilichokuwa wazi, kisha akavuta shuka. Nikaelewa. Nikamfunga kitambaa, nikamfunika miguu. Hapo ndipo alipogeuza uso kwa baba.

"Karibu, mgeni," akasema, bila kukwama. "Ero kamano. Umetoka mbali."

Baba akacheka kidogo. "Ni mimi, Mama. Ni mimi tu."

"Asante kwa kuona mgonjwa," mama akamwambia. "Salimia watu wa kwenu."

Aliendelea kungoja, akimtazama kwa adabu, mpaka baba akainuka, maana mgeni akishaagwa hana cha kukaa. Alitoka akigonga bega kwenye mlango. Mama akafumba macho, nywele za pembeni ya kitambaa zikipepea, na akalala.

Daktari alisema ni kawaida, kwamba kiharusi huacha maneno ya salamu na kufuta mengine, na kwamba mgonjwa anaweza kumsahau hata mwenzi wake. Baba alilishikilia hilo kwa mikono yote miwili. Lakini wiki hiyo hiyo alifungua sanduku la kompyuta, akachukua kibanio na kurudisha kile kikofia mahali pake pa zamani. Mashine ikarudi mia moja thelathini na tatu, ikawa haihitaji upepo wa mtu. Alinionyesha skrini ili niende kumwambia mama. Nilienda, nikamwambia. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akaomba uji.

Feni haikutoka tena chumbani. Mama aliupokea upepo wake wote, asubuhi mpaka jioni, na hakujinyima hata kidogo. Baba alijaribu kila njia. Alimletea samaki wabichi, akajifunza kumgeuza, akamwosha miguu, na mama akamshukuru kila mara kama anavyoshukuriwa mtu aliyetoka Rangwe na ndizi. Hakumwita Mzee tena, jina alilomwita tangu kabla sijazaliwa. Dadake hakuwahi kumwona tena akiwa hai. Alikuja kwenye mazishi, akapeana mkono na kila mtu isipokuwa mmoja.

Kabla ya hapo, siku moja nikiosha vyombo uani, baba alikuja na kusimama nyuma yangu. Akaniuliza kama mimi nadhani mama anamkumbuka. Alitaka nimpe maneno ya daktari. Nikamjibu kwamba asubuhi ile mama alikuwa ameniuliza kama Mzee ameshakula. Ilikuwa kweli, na nilijua itamuumiza kuliko uongo wowote. Aliingia ndani.

Tangu siku hiyo alianza kupiga hodi kwenye mlango wa chumba alicholala maisha yake yote ya ndoa. Alisimama nje, akagonga taratibu, akangoja akaribishwe. Siku ya kwanza mama alimkaribisha papo hapo. Siku zilizofuata alimwacha agonge mara mbili, mara tatu, akiangalia dari ambayo haikuwepo, kabla ya kusema karibu, na mimi niliyekuwa ndani naye sikumsaidia kujibu.